Hema la Kaka, Mifuko ya Wifi

Mtaani walimwita Mama Zipu, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi cherehani, lakini kushona nguo mpya hakukumkolea. Kazi aliyoipenda ni kufufua vitu: zipu za mabegi ya shule, za suruali, za majaketi ya waendesha pikipiki, hata za mifuniko ya magodoro. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia, na dirisha pana lililoangalia barabara. Mteja alipitisha begi lake dirishani, Mama Zipu akaivuta zipu kwenda na kurudi, akaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha akatoa hukumu: "Hii inapona," au, "Hii tuiombee."

Mumewe alikuwa mtunza stoo katika duka la dawa. Alikuwa mpole, hana makuu, ila alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika: milima. Tangu utotoni, yeye na dada yake hawakuweza kuona kilima wakakiacha kilivyo. Wiki ikiisha walifunga mizigo, wakaenda kulala huko juu, na kurudi Jumapili jioni magoti yamechubuka, wanacheka mambo wanayoyajua wao wawili. Mama Zipu alikuwa akiwapokea mlangoni mikono kiunoni.

"Mtu ana kitanda chake na shuka zake safi," alisema kila mara, "anakwenda kulala juu ya mawe kwa hiari yake. Nani aliwaroga?"

Kisha, mwaka juzi, moyo wa mumewe ulisimama akiwa kazini, mchana kweupe, ameshika boksi la bandeji mikononi. Hakuugua, hakuaga.

Wifi yake, yule dada wa marehemu, alikuwa mwalimu wa michezo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kuvuka kiwanja kizima. Yeye na Mama Zipu hawakuwahi kugombana, lakini pia hawakuiva chungu kimoja. Baada ya msiba, wifi alikuwa akipita mara mojamoja, anakaa kwenye kiti cha wateja, anakunywa chai, anauliza habari za afya, anajibiwa, anaondoka. Mtu aliyewaunganisha alikuwa hayupo, na kila mmoja aliona haya kumwambia mwenzake jinsi anavyomkosa marehemu.

Jumapili moja jioni, wakati wa masika, wifi aliingia na begi la mgongoni linalochuruzika maji. Alikuwa ametoka milimani na kundi lake la watembeaji, na mvua ilikuwa imewapiga tangu wanaondoka mpaka wanarudi.

"Wifi, zipu ya huku juu imegoma," alisema. "Sina haraka nayo. Na mimi mwenyewe sijakauka."

Mama Zipu alilitandika begi juu ya meza, akaanza kutoa vilivyomo. Blanketi la kulalia lilikuwa zito kama mtoto aliyesinzia. Sweta lilikuwa chapachapa. Simu ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni wa sokoni, na mfuko wenyewe ulikuwa umejaa maji, simu imekaa mle kama samaki.

"Na hii ndiyo kinga yako?" aliuliza, ameushika ule mfuko kwa vidole viwili.

"Ndiyo wanayofanya wote."

"Wote mnaloa, basi."

Wifi alicheka kidogo. Kisha akatoa kutoka chini kabisa ya begi kifuko cha rangi ya machungwa, kilichofifia na kuchakaa, chenye tundu kwenye kona. Humo mlikuwa na soksi na kiberiti. Soksi moja ilikuwa imelowa kidogo kwenye kisigino, basi. Kiberiti kilikuwa kikavu.

"Hiki nilikinunua zamani, safarini," alisema. "Kila nikitafuta kingine hapa mjini sikioni."

Mama Zipu alikichukua akakigeuza ndani nje, akakipeleka dirishani penye mwanga. Kilikuwa gunia tu, dogo, la kitambaa chepesi kisichopitisha maji. Mdomoni pake palishonwa utepe mgumu. Unaukunja ule mdomo juu ya utepe, unaukunja tena na tena kama mtu anayekunja mkeka, kisha ncha mbili unazikutanisha kwa klipu ya plastiki, kama zile za mikanda ya mabegi. Maji hayana pa kupitia. Hakikuwa na zipu hata moja.

"Maisha yangu yote nahangaika na zipu," Mama Zipu alisema, "kumbe mfuko ulio bora hauna hata zipu. Kiache hapa."

"Unataka kukiziba?"

"Nataka kukisoma."

Wiki ile wateja walipata tabu kidogo. Mama Zipu alikuwa amepata ugonjwa wake mwenyewe. Alianza na kitambaa cha mwavuli uliovunjika, kwa kuwa mwavuli ni kitu cha mvua. Akashona, akakunja mdomo, akakizamisha kwenye beseni la kufulia lililokuwa uani. Kilivuja kama kikapu. Akajaribu plastiki ya kutandika mezani. Hiyo ilikataa maji vizuri sana, lakini kila sindano ilipopita ilichanika, na mshono ukaachia kipande kizima mkononi mwake. Jirani yake, fundi viatu mwenye kibanda kando ya barabara, alikuja kuchungulia juu ya ukuta.

"Mama Zipu, unafuga bata humo?"

"Nafuga ujinga wangu. Njoo uone."

Fundi viatu aliingia, akavitazama vile vifuko vilivyolowa, akajikuna kichwa. Ndiye aliyemwambia kwamba pini ndizo zinazomponza: kitambaa cha namna hii hakisahau, ukikitoboa kimetoboka. Mama Zipu akaacha pini, akawa anashikilia vipande kwa vibanio vya kuanikia nguo. Akabadilisha sindano, akaweka nyembamba. Akafanya mshono wa kukunja, kama ule wa ubavuni mwa jinzi, ambao kingo mbili zinakumbatiana na kushonwa pamoja. Hapo kazi ikakaa sawa. Kilichobaki ni kitambaa.

Naye kitambaa alikuwa nacho. Alikijua kilipo tangu siku ya kwanza, akajitia hamnazo.

Hema la mumewe lilikuwa juu ya kabati la chumbani, ndani ya mfuko wake, limekunjwa kwa mikono ya mwenyewe. Hakuna aliyeligusa tangu msiba. Mama Zipu alilishusha asubuhi moja baada ya kufagia, akalitandaza kwenye kamba ya nguo uani. Sakafu yake ilikuwa imechakaa, inabanduka magamba na kunata mkononi. Lakini paa lake la nje, lile la kijani, lilikuwa zima. Alilimwagia maji kwa kata. Yakakimbia juu yake kama shanga, yakaanguka chini, kitambaa kikabaki kikavu.

Mbegu za majani zilikuwa zimenasa kwenye pindo, za kilima gani hakujua. Aliwaza, kitu hiki kitakaa juu ya kabati mpaka kioze, nami nitakuwa nakitazama kila nikilala. Alipiga moyo konde, akaleta mkasi.

Mkasi ulipoingia, kitambaa kilitoa mlio mkali wa kukwaruza. Alikata taratibu, akifuata njia ya nyuzi. Kwa midomo alitumia utepe mgumu wa mikanda ya mabegi mabovu, na klipu zake alizing'oa humohumo. Kwenye matako ya mifuko aliweka kipande cha duara na kukishona mara mbili, maana mzigo hukaa hapo. Kisha akachukua silikoni ile wanayotumia mafundi wa vioo, akaizimua kwa mafuta ya kusafishia brashi za rangi mpaka ikawa kama uji mwepesi, akaipaka kwenye kila mshono kwa brashi ndogo. Chumba kizima kikanuka. Ikabidi wateja wapokelewe barabarani.

Ilipokauka, aliujaza mfuko wa kwanza pumzi, akaukunja mdomo, akafunga klipu, akauzamisha kwenye beseni na kuukandamiza kwa mikono yote miwili. Mfuko ulipigana naye, ukitaka kupanda juu. Hakuna hata kiputo kilichotoka. Fundi viatu, aliyeitwa kuwa shahidi, alipiga makofi.

Wifi alipopita kuchukua begi lake, mifuko ilikuwa imepangwa mezani, mkubwa, wa kati na mdogo, kijani kitupu. Mama Zipu alikuwa amevaa kitenge safi kwa ajili ya saa hiyo. Wifi alinyoosha mkono, akagusa ule mkubwa. Mkono ukasimama.

"Hii rangi," alisema.

Mama Zipu alimmiminia chai.

"Wifi. Hili ni hema la kaka."

"Ndiyo. Sakafu ilikuwa imekwisha, nikaona paa..."

"Umelikata."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza, Mama Zipu angejua la kufanya. Alichukua begi lake la mgongoni, akashukuru kwa zipu, akatoka. Chai aliyomiminiwa ilibaki pale, mvuke ukipanda. Mifuko hakuigusa tena.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mama Zipu alitengeneza zipu za watu na kurudisha chenji isiyo sahihi. Alijitetea kimoyomoyo: hema lilikuwa la mume wangu, liko nyumbani kwangu, nimelifanyia jambo jema. Kila alipofika mwisho wa utetezi, aliuona ule mkono uliosimama juu ya mfuko. Hakuwa amemwuliza. Kitu cha pekee cha nyumba ile ambacho wifi angeweza kukiita chake pia, yeye alikuwa amekipitisha mkasi bila hata kupiga simu.

Simu hakuipiga hata sasa. Alijua wangeishia kuulizana habari za afya. Badala yake, Jumamosi asubuhi alivaa raba alizozitumia kwa kazi za uani, akaweka sweta, mkate na chupa ya chai kwenye begi la shule lililosahauliwa na mteja, akachukua mifuko mitatu ya kijani, akaenda kwenye kituo cha mafuta ambapo watembeaji hukutana.

Kiongozi wao walimwita Kapteni. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mzee mfupi mwenye fimbo na kofia ya pama, anayependa amri. Alimwona Mama Zipu akija, akamwangalia kutoka raba hadi kilemba.

"Karibu mama. Umemletea mtu mzigo?"

"Nimekuja kutembea."

"Umewahi kupanda?"

"Ngazi."

Watu wakacheka. Wifi, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, aliinua uso. Mama Zipu alimwendea akaiweka mifuko mbele yake.

"Wifi, nimekukosea. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Sasa siwezi kulirudisha kuwa hema, lakini leo kuna mawingu. Weka vitu vyako humu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa mkavu."

Wifi alianza kuhamisha nguo zake kwenye mfuko mkubwa. Mdomo wake aliukunja vibaya. Mama Zipu alipiga magoti akamwonyesha: toa pumzi kwanza, kunja, vuta, kunja, funga.

Safari yenyewe ilimtesa. Alipofika nusu ya kilima cha kwanza pumzi zilikuwa zinamtoka kama mvukuto, na kila Kapteni alipotangaza kwamba kilele kiko "hapo tu," alimwuliza ni hapo kwa nani. Wifi alikuwa mbele. Lakini Mama Zipu aligundua kwamba kila baada ya kona, wifi alikuwa amesimama, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu gani hivyo vinavyofunguka kila kona?

Mvua iliwakuta mchana, na ilipowakuta haikuwaonea haya. Walikuwa wameanza kushuka, na kijito walichokiruka asubuhi sasa kilikuwa kimevimba, maji ya rangi ya matope. Kapteni alitangulia, fimbo mkononi, akiwaelekeza wengine pa kukanyaga. Katikati ya kijito, jiwe aliloliamini liligeuka. Mzee akaenda chini, kofia upande mmoja na fimbo upande mwingine, maji yakampitia kichwani.

Wifi alikuwa wa kwanza kumfikia. Aliingia majini mpaka mapajani, akamshika ukosi, na kijana mmoja wa kundi akashika mkono. Walimtoa akiwa hajaumia popote, lakini begi lake lilikuwa limejaa maji, na mwili wake ulianza kutetemeka. Walimkokota mpaka kwenye kibanda cha walinzi wa msitu kilichokuwa jirani, chenye paa la bati na mlango usio na kitasa. Hakukuwa na mtu ndani. Kapteni alikaa kwenye benchi, meno yanagongana, na alipojaribu kutoa amri maneno hayakutoka sawasawa. Hapo hata waliokuwa wamecheka alipoanguka wakaacha.

"Nani ana nguo kavu?" wifi aliuliza.

Watu walifungua mabegi. Mifuko ya nailoni ilitolewa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulimwaga maji sakafuni. Mama Zipu hakungoja. Alilifungua begi la wifi, akauvuta ule mfuko mkubwa wa kijani, uliokuwa unang'aa kwa maji kwa nje, akafyatua klipu, akaukunjua mdomo. Alitia mkono ndani mpaka begani, akapapasa mpaka chini. Blanketi lilikuwa kavu kama limetoka kwenye kamba. Sweta kavu. Suruali kavu.

Wanaume walimbadilisha mzee nyuma ya pazia la makoti. Alitokea amevaa sweta la wifi la rangi ya waridi lenye maua kifuani, blanketi mabegani, na kwa kuwa wifi alikuwa mrefu na yeye mfupi, mikono ya sweta ilimning'inia. Wakampa chai ya Mama Zipu. Wakakaa pande zake zote mbili wampe joto. Ilichukua muda, lakini meno yalitulia, na rangi ikaanza kurudi usoni. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa:

"Atakayepiga picha namfukuza kundini."

Kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko, na Mama Zipu akajikuta anacheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya kilemba.

Mvua iliendelea kupiga bati. Wifi alikuja kukaa karibu naye sakafuni, miguu imenyooshwa, viatu vimejaa maji. Alikuwa ameushika ule mfuko mtupu, anausugua kwa kidole gumba.

"Ungeniuliza, ningekataa," alisema.

"Najua."

"Halafu ningekubali. Lakini nilitaka kwanza nikatae. Sina kitu chake, wifi. Wewe una nyumba nzima. Mimi nilikuwa nikifika kwako najiambia, lile hema lipo juu ya kabati. Basi, natulia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nipe hema la mumeo? Ungeniona nakuja kurithi."

Mama Zipu aliivunja ncha ya mkate akampa. "Niambie jambo moja. Alikuwa akirudi ananiambia amelala kama gogo. Kweli alikuwa analala humo?"

Wifi aligeuka kumtazama, akaanza kutabasamu. "Kaka? Kulala? Alikuwa anaogopa vyura! Chura mmoja akilia, anakaa kitako mpaka asubuhi, tochi mkononi. Anasema analinda mizigo."

"Vyura!"

"Na anayeamshwa akamfukuze huyo chura ni mimi. Mtu mzima, ana ndevu."

Mama Zipu alijishika mbavu. Miaka yote ile ya ndoa, yule mtu alikuwa akipita kwenye giza la nyumba yao kama simba. Aliomba aambiwe lingine. Wifi akamwambia lingine, na lingine: jinsi alivyopika chai yenye chumvi akagoma kukiri, jinsi alivyokuwa akiwasimulia watembeaji habari za mke wake anayeweza kuijua zipu mbovu kwa kuisikia tu ikipita barabarani. Hilo la mwisho lilimfanya Mama Zipu ageuzie uso mlangoni. Wifi akamwacha.

Walishuka mvua ilipopungua, kijito kilipotulia, Kapteni akiwa katikati ya msafara na sweta lake la maua. Mama Zipu alifika nyumbani magoti yakiwa yamekataa kazi. Siku mbili alishuka kitandani kinyumenyume.

Mtu akidhani hapo alipenda milima, amekosea. Aliendelea kuona kwamba kilima ni kitu kizuri kukitazama kutoka dirishani. Alikwenda tena mara mojamoja, kwenye safari fupi, na kila safari alilalamika tangu mwanzo hadi mwisho, na wifi alimjibu kwa kila lalamiko, na watu wa kundi wakasema bila wao wawili njia ni ndefu.

Kilichobadilika zaidi ni chumba cha mbele. Kila mtembeaji alitaka mfuko, na Mama Zipu akasema hashonei mtu mwenye mikono miwili mizima, waje wajifunze. Basi Jumapili mchana meza ya kukatia ilivutwa katikati, na watu wazima wakakaa kuizunguka, na vitambaa vyao: makoti ya mvua ya zamani, maturubai mepesi, hema la mtu lililovunjika nguzo. Wifi alikata, kwa kuwa mkono wake ulikuwa imara. Kushona hakuweza, mishono yake ilikwenda kombo, na Mama Zipu alimpa vidonge vyake mbele ya wote.

"Wifi, huu ni mshono au ni njia ya panya?"

"Wewe ulipanda kilima kwa magoti, nilikusema?"

"Ulinisema njia nzima!"

Kapteni alijishonea mfuko wake mwenyewe, akatoa ulimi nje kwa bidii, akachoma kidole, akaapa, akaendelea. Alipomaliza aliunyanyua juu watu wauone. Alikuwa ameshona utepe wa mdomo chini na duara la chini mdomoni. Aliugeuza, akaugeuza tena, akautazama kwa kirefu.

"Huu," alisema, "ni wa kuvaa kichwani."

Mama Zipu alimnyang'anya kwa upole, akachukua kifaa cha kufumulia, akamsogezea kiti karibu na mwanga. Wifi alikuwa ameshakwenda jikoni kuweka maji ya chai, bila kuuliza sukari inawekwa wapi.